Nyasi za Nyati, Chumvi ya Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Watoto kaeni mbele. Wakubwa kaeni karibu na watoto, maana ngano hii ni ya watoto, ila makosa yaliyomo ni ya watu wazima.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ofisi na watu bado hawana, palikuwa na kilima. Juu ya kilima nyasi. Chini ya kilima chumvi. Si chumvi ya bahari hiyo, ni chumvi ya jabali, ngumu kama jiwe, nyekundu kidogo kama ufizi.

Kilima kilikuwa cha nungunungu mmoja, jina lake Bibi Sikudhani. Alikichimba kwa kucha zake mwenyewe. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaingia, akalamba, akatoka. Kesho akaingia tena, akalamba, akatoka. Miiba yake ikang'aa, mifupa yake ikawa imara, akaonekana mtu.

Ukaja mwaka wa njaa. Mito ikakauka. Wakatokea nyati, baba na mama na ndama, mbavu zinahesabika. Nyati baba akapiga magoti.

"Bibi, tunaomba nyasi."

"Nyasi?" Bibi akacheka. "Chukueni. Mimi nyasi sijui hata zinaliwa upande gani."

"Tuchukue za leo?"

"Za leo, za kesho, za wajukuu. Nyasi zenu, chumvi yangu. Tuandikishane tu, nyuma yetu wasije wakagombana."

Wakaenda kwa Korongo. Huyu alikuwa karani wa Ofisi ya Juu na Chini. Ofisi yake ilikuwa kisiki kando ya dimbwi, naye alisimama juu ya kisiki kwa mguu mmoja. Mguu mmoja kazini, mguu mmoja likizo.

Sasa tegeni masikio, hapa ndipo mambo yalipojikwaa.

Shimo la Bibi lilikuwa katikati ya malisho. Siku ile ile, kabla hawajaondoka kwenda ofisini, ndama akakimbia, akaruka, akatumbukia mguu. Tumbu! Wakamvuta, akatoka salama, analia. Bibi akaona uchungu. Akasema, "Ngojeni nilizibe, mtoto asije akavunjika." Akasukuma udongo, akashindilia, ndi, ndi, ndi. Wote wakamsifu.

Walipofika ofisini, Korongo akainua kichwa. "Kuna la kuongeza?"

Moyoni Bibi alikuwa na la kuongeza. Alitaka kusema: ndama wakikua, nitafungua mlango wangu. Neno fupi tu. Lakini nungunungu wana desturi yao. Mbele ya mgeni, mlango hautajwi. Huwezi kumwambia mgeni mlango ule pale, wala mlango unaingiza baridi, wala nisaidie kufunga mlango. Atadhani unamwonyesha njia ya kutokea. Hata nyumba ikishika moto, nungunungu mwenye malezi humwambia mgeni wake, "Huko nje leo pana hewa nzuri."

Basi Bibi akameza mate. "Hakuna la kuongeza."

Korongo akaandika. Juu, nyasi: za Nyati na uzao wake. Chini, chumvi: ya Nungunungu na uzao wake. Mlango: akangoja. Kimya. Akachora kistari.

Kistari kile kilikuwa kifupi kuliko ukucha, nacho kikazuia kilima kizima.

Bibi akangoja ndama wakue. Ndama wakakua, wakazaa ndama. Akangoja na hao wakue. Wakakua, wakazaa. Malisho hayajapata kukosa ndama. Bibi akazeeka na ulimi mkavu.

Siku ya kufa akamwita mjukuu wake, Chausiku.

"Mjukuu wangu, nakuachia chumvi."

"Iko wapi, Bibi?"

"Chini ya kwato za Nyati."

"Ikoje?"

Bibi akafumba macho. "Inaanza kwa kuuma ncha ya ulimi. Halafu inanyamaza. Halafu..." Hakumaliza. Mdomo wake ulichezacheza kidogo, kama anayeonja, kisha ukatulia.

Basi Chausiku akawa tajiri. Hakuachiwa shimo, hakuachiwa hata mfupa wa kuguguna. Aliachiwa kilima kizima cha chumvi ambacho hajakiona. Kila asubuhi alikwenda kando ya kilima, kwenye njia, pale ambapo nyasi si za mtu. Akalaza sikio chini. Akaimba taratibu:

*Chumvi ya bibi, uko chini,*
*Mjukuu wake niko juu.*
*Kati yetu pana nyasi,*
*Na nyasi zina mwenyewe.*

Akasikiliza. Chumvi haikuitika. Akainuka, akapangusa udongo sikioni, akaenda zake.

Siku moja akasema, liwalo na liwe, nakwenda kwa Nyati. Mwenye malisho wakati ule alikuwa Nyati mjukuu, jina lake Mbaruku, mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, na mama yake kikongwe alikuwa hai.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba, mwenye nyumba. Karibu."

Maana alikuwa akimwita hivyo, mwenye nyumba. Nyati walikuwa wamekaa pale vizazi vitatu, wakijihesabu wageni.

"Nyasi zinaendeleaje?"

"Nyasi hazijambo."

"Na ndama?"

"Wanaruka."

"Na ardhi?"

"Ardhi imetulia."

Chausiku akatazama chini. Nyati naye akatazama chini. Mama Nyati, kwa nyuma, akaacha kutafuna. Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Chausiku, limevimba kama kupe. Akaguna. Akalimeza.

"Basi, mimi naaga."

"Haya, mwenye nyumba. Karibu tena."

Akaenda mpaka kwa Korongo. Ni Korongo yule yule. Msiniulize umri wake. Watu wa ofisini hawazeeki, wanangoja tu kupandishwa cheo.

"Nimekuja kwa ajili ya chumvi yangu."

Korongo akafungua jalada la magome. Akasoma. Akasoma tena kwa jicho la pili.

"Chumvi ni yako. Hakuna anayebisha. Imeandikwa vizuri hata mimi naionea wivu."

"Naweza kuichukua?"

"Wakati wowote. Saa za kazi na zisizo za kazi."

"Basi nitachimba."

"Hapo utakuwa umechimba nyasi. Nyasi si zako."

"Nitazisogeza kidogo."

"Kusogeza nyasi za mwenzio ni kosa. Kosa dogo, lakini fomu yake ni kubwa."

"Sasa chumvi nitaichukuaje bila kuchimba?"

Korongo akafikiri. Akabadilisha mguu, wa likizo ukaja kazini. "Njia nyingine yoyote, ofisi haina pingamizi."

Chausiku akakaa kitako. "Mzee, hebu nielimishe. Juu inaishia wapi?"

"Inapoishia mizizi."

"Na chini inaanzia wapi?"

"Baada ya juu kuisha."

"Nitafikaje baada ya juu bila kupita juu?"

"Swali hilo," akasema Korongo kwa heshima kubwa, "bibi yako hakuliuliza. Tazama hapa. Pana kistari. Kistari maana yake wenyewe hawajasemezana. Nenda kamwambie Nyati, leteni neno moja tu, nitaliandika."

Chausiku akashtuka, miiba ikasimama, shwaa. "Nimtajie mgeni mlango?"

"Si mimi niliyesema. Ni kistari."

"Ofisi haiwezi kumwandikia barua?"

"Inaweza. Lakini barua sharti ipite kwa Mkuu, na Mkuu ni Kiboko. Yeye barua zote anazisomea chini ya maji. Wewe andika ombi lako, nitalipiga muhuri."

Muhuri wake ulikuwa mguu. Aliuchovya kwenye matope, akakanyaga, pwata. Lakini kile kilikuwa kiangazi, na dimbwi limekauka, na matope hakuna.

"Njoo masika."

Masika Chausiku akaja. Matope yamejaa tele, na vyura wamejaa tele, na mguu wa muhuri uko majini unawatafuta.

"Shughuli ni nyingi," akasema Korongo, mdomo umejaa. "Njoo kiangazi."

Akaja kiangazi. Akaja masika. Akaja kiangazi. Kila akitoka ofisini hupitia kwa Nyati. Nyasi zinaendeleaje? Hazijambo. Ndama? Wanaruka. Ardhi? Imetulia. Akatazama chini, akaguna, akaaga. Akarudi njiani, akalaza sikio, akaimba wimbo wake. Miiba yake ikaanza mvi.

Jambo moja alikuwa akiliona bila kulielewa. Kila kiangazi, jua likichomoza, nyati wote walishuka kilimani wamepanga mstari, mkubwa mbele, ndama katikati, Mama Nyati mwisho. Waliondoka siku sita.

"Mnakwenda wapi, Bwana Nyati?"

"Kunyoosha miguu, mwenye nyumba."

Siku sita za kunyoosha miguu. Chausiku alisema moyoni, kumbe kuwa na miguu mirefu ni kazi.

Kiangazi kimoja walikwenda, wakarudi. Chausiku yuko njiani, anawahesabu. Mkubwa mbele. Ndama katikati. Nyuma ya ndama, vumbi. Akangoja vumbi litue. Likatua. Mama Nyati hakuwemo.

Kesho yake asubuhi akaenda kutoa pole. Nyati alikuwa amesimama peke yake, hali nyasi.

"Poleni sana, Bwana Nyati."

"Tumeshapoa, mwenye nyumba."

"Mama alikuwa anaumwa?"

"Hakuwa anaumwa. Njia ilimshinda."

"Njia ya kunyoosha miguu?"

Nzi akatua juu ya jicho la Nyati, hakumfukuza.

"Mwenye nyumba, nisamehe. Leo sina nguvu ya adabu. Hatukuwa tunanyoosha miguu. Tunakwenda kulamba magadi, kule kwenye mbuga ya simba. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Magadi yenyewe nusu mchanga. Bila hayo ndama hawapati mifupa. Mama alilala chini siku ya pili ya kurudi. Tulimngoja. Hakuinuka."

Chausiku akatazama kwato za Nyati. "Siku tatu. Na mnalala juu ya chumvi."

"Tunalala juu ya chumvi yako. Masika udongo ukilowa, harufu yake inapanda. Mama alikuwa akilamba umande kwenye nyasi, anasema, leo zimekolea. Hazikukolea chochote. Alikuwa anajifariji."

"Mbona hukuniomba?"

"Mgeni haulizi kilicho chunguni. Ndivyo tulivyolelewa. Na wewe, mali yako mwenyewe, mbona hukuichukua?"

Chausiku akafungua mdomo. Neno lile likapanda. Akataka kulimeza kama siku zote, na akaona mahali Mama Nyati alipozoea kusimama, nyasi zimelala, hazijainuka bado.

"Bwana Nyati," akasema, "nataka mlango."

Limetoka. Mbingu haikuanguka. Tumbusi aliyekuwa akipita juu aliendelea kupita.

"Mlango?" akasema Nyati.

"Mlango."

"Huo tu?"

"Huo tu. Wa kuingilia kwenye chumvi."

Nyati akakaa chini, puu, kama gunia. "Miaka yote hii tulidhani unataka tuhame. Unakuja, unauliza nyasi, unatazama chini, unaguna. Ukiondoka, Mama anatuambia, leo alikuwa anatufukuza, ila malezi yamemzuia. Tulikuwa hatulali."

"Mimi ndiye nilikuwa silali."

"Basi kilima kizima hakikulala."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka, ingawa palikuwa na nafasi ya kucheka.

"Mama yako tumemwua kwa adabu," akasema Chausiku. "Mimi na wewe. Na bibi yangu, na babu yako."

Nyati hakubisha. Akasema, "Ila si katikati ya malisho. Ndama wapo."

"Si katikati. Nitaingilia kule kwenye majabali, ambako hata mbuzi hapapendi."

"Hapo sawa. Chimba hata leo."

Wakaenda kwa Korongo wote wawili, na neno moja.

"Neno gani?" akauliza Korongo.

"Mlango," wakasema pamoja.

Korongo akafungua jalada. Akakitazama kile kistari kwa muda mrefu. "Kistari kizuri," akasema. "Nimekitunza vizazi vitatu hakijapata hata doa." Akakifuta kwa ncha ya mdomo. Akaandika: Mlango: upo, upande wa majabali. "Sasa muhuri. Ila ni kiangazi, matope..."

Nyati akasogea kwenye dimbwi kavu. Alikuwa amebeba mambo mengi tangu juzi, na maji aliyokunywa alfajiri hayakuwa machache. Akajisaidia haja ndogo, shwaaa, bila haraka. Udongo ukalowa, ukawa matope mazuri.

"Ofisi inashukuru kwa ushirikiano," akasema Korongo, akauchovya mguu huku ametazama pembeni. Pwata.

Chausiku akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku ya kwanza, mchanga. Siku ya pili, kokoto. Siku ya tatu, mwamba, akaupasua kwa meno, na Nyati akausukuma nje kwa pembe. Siku ya nne kucha zikabadilisha sauti. Hazikusema kwaru. Zilisema ti, ti, ti.

Akatoboa. Akaingia.

Kulikuwa na chumba. Kikubwa, cha mviringo, sakafu yake laini kwa kukanyagwa na miguu ambayo haipo tena. Mwanga wa tundu ulifika ukutani, na ukuta ulikuwa mwekundu kidogo, kama ufizi.

Akanyoosha ulimi. Ncha ikauma. Halafu ikanyamaza. Halafu akangoja. Akangoja hicho ambacho Bibi hakumaliza kukisema. Akalamba tena, akangoja tena.

Ilikuwa chumvi. Chumvi nzuri, safi, isiyo na mchanga. Lakini ilikuwa chumvi.

Akakaa sakafuni. Miaka yote ile, sikio chini, wimbo mdomoni, na sasa yuko ndani, na bado anatamani. Akaegemea ukuta. Shavu lake likahisi mfereji. Akapapasa. Mifereji miwili, sambamba, ya meno mawili ya mbele. Chini yake mingine miwili. Kando yake mingine. Bibi alikuwa akiuma kwa mpangilio, safu kwa safu, kama mtu anayejua kesho atarudi.

Chausiku akafungua mdomo, akayaweka meno yake kwenye mifereji ile. Yakaingia sawasawa. Hayakuuma. Yalikaa tu hapo. Akabaki hivyo, kinywa wazi ukutani, machozi yanashuka, na chumvi ya machozi haikuhitaji idhini ya mtu.

"Mwenye nyumba," Nyati akaita kutoka juu. "Umefika?"

Akachomoa meno. "Nimefika."

"Ikoje?"

Chausiku akapangusa machozi.

"Ni chumvi," akasema.

"Chumvi tu?"

"Chumvi tu. Karibu ndani."

Nyati akajaribu kichwa, hakikuingia. Akajaribu pua, ikakwama. Mwisho akashusha ulimi tundu zima, mrefu, wa kijivu, ukapapasa hewani kama mgeni asiyejua akae wapi. Chausiku akauma kipande, mbali na safu zile, akauwekea ulimi. Ulimi ukapanda.

Huko juu ikasikika sauti ya kulamba.

"Mama angeipenda," akasema Nyati.

Tangu siku hiyo hakuna nyati aliyekwenda tena mbuga ya simba. Kila siku Chausiku aliingia, akauma vipande, akavitoa nje, ndama wakalamba hadi pua. Miaka ikapita. Ukuta ukaliwa, ukarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili. Ila katikati yake, penye safu zile za meno, palibaki pamejitokeza kama kichuguu, hapakuguswa.

Siku moja Nyati akachungulia tundu kwa jicho moja. Akaona.

"Mwenye nyumba, unazunguka pembeni tu. Hapo katikati pana chumvi ya mwaka mzima. Umepasahau?"

"Sijapasahau," akasema Chausiku. "Pale pana mwenyewe."

Nyati akaondoa jicho, akaenda kula nyasi zake.

Basi, wenzangu, sikilizeni funzo, watoto kwanza. Kilicho chako kiseme. Haki isiyo na njia ni njaa yenye hati. Adabu ni njema, nani asiyeijua, lakini adabu inayofunga mdomo huzika mali na watu kuliko udongo. Na wakubwa, lenu hili: ukishapata ulichokitamani, usishangae ukikuta ulikuwa unamtamani mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Tamu yake nendeni nayo. Makombo niachieni, nitayafagia mwenyewe.